Viwango Vitatu vya Kula Ugenini

Nyantakara, Biharamulo
Mkoa wa Ziwa Magharibi
12 Agosti 1978

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Umeniarifu kwamba mkutano wa kijiji umepitisha azimio la kuzifanya barua zote zihusuzo safari yako kuwa mali ya kijiji, zisomwe hadharani na kujibiwa hadharani. Naona si adabu kukusalimu wewe peke yako wakati watu wote hao wamekaa wananisikiliza. Kwa idhini yako, basi, nawatambua.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Ildefonce. Ndugu Katibu Telesfori, ambaye bila shaka ndiye anayesoma maneno haya na ninamwomba asiharakishe. Wajumbe wa Halmashauri. Mabalozi wa nyumba kumi. Mzee Niragira, mtunza mila zetu. Akina mama mkiongozwa na bibi yangu Rozalia, mama mzazi wa msafiri. Wageni mliovuka mpaka wa mto Ruvubu kuja kusikiliza mambo yasiyowahusu. Nanyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa mlichelewa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mzima. Homa imeniacha. Darasa langu limejaa hata watoto wanakaa kwa zamu, na aliyekaa humwonea huruma aliyesimama mpaka zamu zibadilike.

Sasa jambo lenyewe. Nimeombwa nieleze matumizi ya siku moja nchini Bulgaria, ambako Baba Mdogo amechaguliwa kwenda mwezi mzima kuona vijiji vya kule vinavyofuga nyuki. Wenyeji watalipa ndege na kitanda. Chakula, nauli za mjini na mahitaji madogo ni juu ya kijiji, na ofisi inayoandaa ziara inataka makisio ya viwango vitatu, cha chini, cha kati na cha juu, ili ichague kimoja. Mimi sijafika huko. Nimemuuliza Ndugu Shibuda, bwana nyuki wetu wa hapa, kijana wa Mzee Bulugu aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Shibuda alisomea nyuki Bulgaria, anakijua Kibulgaria, na ndiye atakayekuwa mkalimani wa safari.

Katika kiwango cha chini, msafiri hula mkate na maziwa mgando asubuhi, supu ya maharage mchana, na jioni ule mkate uliobaki asubuhi. Huenda kila mahali kwa miguu. Katika kiwango cha kati hupanda tramu, yaani gari la abiria linalopita juu ya reli katikati ya mji, na hula mkahawani chakula chenye nyama inayoonekana kwa macho. Katika kiwango cha juu hula hotelini, meza ikiwa imevishwa kitambaa, na nyuma yake husimama mtu anayemtazama akila. Mtu huyo naye hulipwa kwa kule kusimama.

Ndugu Shibuda anashauri cha kati. Yeye mwenyewe aliishi kwa cha chini, ila alikuwa amepanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyemfulia nguo, akamwita mwanangu, na siku ya kuondoka alimlilia stesheni. Hilo, hata hivyo, si jambo la kuingizwa kwenye makisio.

Wako mtiifu,
Deodata


Ntobeye, Ngara
3 Septemba 1978

Mwanangu Deodata,

Marahaba. Barua hii inaandikwa na Telesfori mbele ya mkutano, na imeamuliwa kwamba kila litakalosemwa liandikwe, kwa sababu barua yangu iliyopita ilionekana fupi mno kwa kijiji chenye watu wengi kama hiki.

Sisi ni wazima. Mbuzi mweusi amezaa. Nyonga ya bibi yako inamsumbua akiwa amekaa, kwa hiyo mikutanoni anasimama, na akisimama anasema.

Telesfori alimaliza kusoma viwango vyako. Kisha bibi yako akauliza:

"Huko Bulgaria watu hawana nyumba?"

"Wanazo, Mama."

"Hawana masufuria?"

"Nadhani wanayo."

"Basi mgeni ananunuaje chakula? Amewakosea nini?"

Mwenyekiti alisema labda ni utaratibu wa nchi zilizoendelea. Bibi yako akasema kama huko ndiko kuendelea, basi wewe Privatus nenda ukawaone nyuki wao na urudi siku hiyohiyo.

Mwanangu, hapo ndipo tulipotambua kwamba ofisi imetupa swali baya. Katika kijiji hiki hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kulala nchi za nje. Tunavuka Ruvubu kwenda harusini, tunavuka kwenda kuzika, tunavuka kwa sababu tu tumesikia kwa shemeji kumepikwa pombe ya rubisi. Hakuna aliyewahi kulipia kijiko kimoja. Gharama ya ugenini haitegemei utakula nini; inategemea wewe ni nani kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mkutano umeandika viwango vyake.

Kiwango cha chini ni cha mpita njia: hupewa maji, na sehemu ya kulala karibu na mlango, naye huwajibika kuondoka kabla hawajaamka. Kiwango cha kati ni cha rafiki: lazima aje na kibuyu cha rubisi mkononi. Kiwango cha juu ni cha ndugu: haji na kitu chochote, anakula kila kitu, na anaruhusiwa kusema chumvi imepungua. Umeona mwenyewe kwamba kiwango cha juu ndicho kisicho na gharama. Tunashangaa wasomi hawakuliona hili.

Ndipo Mzee Niragira aliposimama na fimbo yake.

"Yule bibi mjane wa Bulgaria, Shibuda ni nani kwake?"

Watu wakajibu, "Mwana!"

"Na ndugu yake Shibuda atakuwa nani kwake?"

"Mwana!"

"Mwana hununua chakula kwa mama yake?"

"Hanunui!"

Basi hoja imepita bila mpinzani. Mimi na Shibuda tutachanjiana kwa mila yetu: kila mmoja achanjwe kitovuni, damu ipakwe kwenye punje ya kahawa, yeye ameze yangu nami nimeze yake. Tangu hapo ni ndugu wa damu, na aliye mama kwake ni mama kwangu. Katekista aliangalia pembeni wakati wa kupiga kura, tukamhesabu miongoni mwa walioafiki. Siku ni Jumamosi ya pili ya Novemba. Mwambie Shibuda ajitayarishe, na umwombe amwandikie mama yetu kwamba mimi hula maharage bila shida.

Baba yako mdogo,
Privatus


Nyantakara
24 Septemba 1978

Mpendwa Baba Mdogo, na mkutano wote kwa vyeo vyenu kama nilivyovitaja awali,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Hapa mvua za kwanza zimenyesha na paa la shule limetuonyesha kila tundu lililokuwa likificha.

Nimelisoma azimio lenu kwa makini na ninaheshimu hekima yake. Hata hivyo, nina mashaka machache. Bibi wa Bulgaria ni mtu mzima sana na huenda hataki watoto wengine. Nyumba yake ina vyumba viwili, na kimoja ni cha cherehani. Ngozi ya Ndugu Shibuda, kwa kuumwa na nyuki miaka mingi, imekuwa ngumu na haichanjiki kwa urahisi. Tena kahawa humkosesha usingizi. Kwa sababu hizi naushauri mkutano urejee kiwango cha kati cha makisio yangu, pamoja na tramu.

Ndugu Katibu, tafadhali ishia hapa. Sehemu inayofuata ni ya Baba Mdogo peke yake na isisomwe mkutanoni.

Baba Mdogo, Shibuda anataka kunioa, nami nimekubali. Wazee wake walikuwa wanangoja mavuno waje kwako na jembe la posa, kama inavyotakiwa kwetu. Mkichanjiana anakuwa ndugu yako, na ndugu yako ni baba yangu. Nitaolewaje na baba yangu? Jana nilimjaribu kwa kumwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kabla hajafikiri, tukatazamana, na hakuna aliyecheka. Tangu baba afariki sina mwingine wa kumwambia jambo kama hili ila wewe. Iondoe hoja ya Mzee Niragira kwa sababu yoyote utakayoona inafaa. Hii tu usiitaje.

Deodata


Ntobeye
15 Oktoba 1978

Mwanangu Deodata,

Marahaba. Imesomwa yote.

Telesfori anasema sentensi ya kumtaka aishie hapo aliifikia akiwa tayari anasoma, na azimio la mkutano halimpi mamlaka ya kuacha. Nilikohoa. Nilikohoa sana. Akaniambia, "Pole, mzee," akaendelea.

Akina mama walipiga vigelegele mahali ulipoandika umekubali, kisha wakavikatiza Telesfori alipofika kwenye shikamoo. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huyo Msukuma anajua kula ndizi au anakula ugali tu kama mtu aliye safarini.

Mjadala uliendelea mpaka jua likaingia. Mwenyekiti alipendekeza kwamba tuchanjiane kwa mwezi mmoja, udugu uishe siku ya kurudi, ndipo aje na jembe. Mzee Niragira akasema, "Ukishaimeza punje utaitapika wapi, uwanja wa ndege?" Mjumbe mwingine akasema utafutiwe mchumba mwingine, kwani maafisa wa nyuki wako katika kila wilaya. Bibi yako akamwuliza kama mke wake naye alipatikana kwa kugawanywa kiwilaya. Akakaa.

Kisha bibi yako akanigeukia mimi. "Privatus, lazima mjumbe uwe wewe?"

Nikasema tuingie katika ajenda inayofuata. Hapakuwa na ajenda inayofuata. Telesfori ameandika hilo pia.

Mwanangu, uelewe kwamba kijiji kimenichagua. Maharage yangu yalikuwa ya kwanza kwa uzito katika kata mbili. Nimezeeka nikiwatazama wenzangu wakienda semina Bukoba na kurudi wakisema "kwa kifupi" kabla ya kila neno. Sikatai kitu. Nasema tu kwamba siku ya kuchanjiana haijabadilishwa, na makisio ya kijiji yapeleke ofisini kama yalivyo.

Baba yako mdogo,
Privatus


Nyantakara
19 Novemba 1978

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nawatambua waliopo. Najua mabenchi ya nyuma ni matupu, kwa kuwa hapa pia vijana wa mgambo wameondoka. Usiku na mchana magari yanapita kuelekea kaskazini, na watoto darasani wameacha kutazama ubao, wanatazama barabara.

Mtakuwa mmeshangaa kwamba Shibuda hakufika Jumamosi ile. Lori la mradi wa nyuki limechukuliwa kwa ajili ya vita, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha, wamechukuliwa pamoja. Alipewa muda wa kushusha mizinga. Mmoja ulikuwa na nyuki ndani. Hakuwa na muda wa kuushusha kwa adabu, akaondoka nao. Sina la kuongeza juu yake.

Makisio yenu niliyapeleka kama mlivyoagiza. Nilidhani kwa hali ilivyo ofisi imefungwa. Haikufungwa. Wamejibu kwa posta ya haraka: wanauliza kwa nini kiwango cha juu hakina gharama, na kama ni kosa la mpiga chapa.

Nieleze niwajibu nini.

Deodata


Ntobeye
28 Januari 1979

Mwanangu Deodata,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, uvumilie. Telesfori ameondoka na mgambo; mara ya mwisho alionekana Kyaka. Aliacha kalamu ya kijiji kwangu na akaniagiza niandike kila kinachosemwa, lakini siku hizi watu hawasemi mengi.

Bibi yako ni mzima. Kijiji kimetoa maharage, mbuzi na mtama kwa ajili ya askari. Mbuzi mweusi alitolewa na mtoto wake.

Wajibu ofisi kwamba si kosa.

Mkutano wa mwezi huu uliona kwamba sasa tuna watu wengi nje ya nchi kuliko wakati wowote, na hakuna aliyewatengea matumizi ya siku. Mwenyekiti alisema jeshi linawalisha. Bibi yako akauliza jeshi ni nani kwao. Ikabidi tukubali kwamba kwa viwango vyetu wenyewe askari ni mpita njia. Basi wanawake wamekaanga karanga na kukausha ndizi, vikafungwa kwenye majani ya migomba, na kila kifurushi kikaandikwa jina. Mimi ndiye niliyeandika. Kimoja nimekiandika Shibuda wa Bulugu. Mzee Niragira alinitazama nikikiandika, akasema, "Bado hamjachanjiana." Nikasema hizi ni karanga tu.

Kwa upande wa maandalizi, nimenunua koti refu ng'ambo ya Ruvubu. Limetengenezwa kwa sufu nzito na linanifika vifundoni. Nalala nalo nje ya nyumba kila baridi inapozidi, ili mwili uzoee Bulgaria. Bibi yako ameweka jiwe nyuma ya mlango ili nisiwe na hiari ya kurudi ndani.

Una habari gani?

Baba yako mdogo,
Privatus


Ntobeye
22 Aprili 1979

Mwanangu Deodata,

Hujajibu. Niliandika tena mwezi wa Machi. Sijui kama ilifika.

Redio imesema Kampala imeanguka. Watu walicheza uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, na mimi nilicheza nikiwa nimevaa koti, nikaugua kwa joto. Bibi yako anasema hali yangu si ya kukutia wasiwasi.

Mkutano unauliza habari za Shibuda. Nimeuambia mkutano kwamba unauliza kwa ajili ya makisio. Kama huna habari, andika kwamba huna. Kama unayo na ni mbaya, usiiandike. Nitakuja kwa miguu unieleze.

Privatus


Nyantakara, Biharamulo
Mkoa wa Kagera
14 Julai 1979

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Ndugu Mwenyekiti, wajumbe, mabalozi, Mzee Niragira, bibi yangu Rozalia, na wote mliosalia na mliorejea: poleni kwa vita, na poleni kwa waliobaki huko.

Nisameheni kimya changu. Kila nilipoanza barua nilifika kwenye neno "habari" nikasimama. Nilifundisha, nikasahihisha madaftari, nikapalilia shamba la shule. Zaidi ya hapo sina la kusimulia.

Shibuda amerudi. Ameliendesha lori mpaka hapa likiwa halina milango wala kioo cha mbele, na mzinga bado umo nyuma. Nyuki walikwenda naye mpaka Uganda na kurudi. Anasema katika vizuizi vyote hakuna askari aliyethubutu kupekua mzigo wake. Amekonda. Ndoto zinamwamsha. Kifurushi cha karanga kilimfikia njiani, kikiwa kimesafiri kwa mikono mingi, na jina lilikuwa bado linasomeka.

Siku tatu baada ya yeye kufika, ofisi nayo ikaandika. Imeyapitia makisio ya vijiji vyote, na kwa kuzingatia hali ngumu ya nchi baada ya vita, imechagua kiwango cha juu cha Ntobeye. Inawapongeza kwa kubana matumizi. Safari ni mwezi wa Oktoba. Haitaruhusu hata senti ya kijiji itumike kwa chakula, kwa kuwa mmeeleza wenyewe kwamba mjumbe atakuwa ndugu wa mkalimani.

Kwa hiyo sasa ni hivi: asiyechanjiana na Shibuda hawezi kwenda, na anayechanjiana naye, akiwa wa ukoo wetu, amenifunga mimi.

Nilimsomea Shibuda barua hiyo. Akasema, "Mzee aliandika jina langu kwenye karanga kabla hajanijua. Siwezi kuwa mimi wa kumzuilia safari yake. Akisema tuchanjiane, tutachanjiana." Nilimwuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe ni mtoto wake. Aamue yeye." Nilikasirika siku nzima, kwa sababu ndivyo hasa ulivyonilea niamini.

Wazee wake wakiongozwa na Mzee Bulugu watakuja Ntobeye Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Wanaomba kuambiwa mapema wabebe nini: wembe wa kuchanjia au jembe la posa. Mzee Bulugu amesema ni aibu kwa mtu wa umri wake kufika na vyote viwili na kuuliza mlangoni.

Sitakuomba tena, Baba Mdogo. Nilikwisha kuomba, na kijiji kizima ni shahidi. Barua hii isomwe yote.

Deodata


Ntobeye, Ngara
Mkoa wa Kagera
4 Agosti 1979

Mwanangu Deodata,

Marahaba. Telesfori amerudi. Anachechemea, lakini mkono wa kuandikia ni mzima. Barua yako ameisoma kwa sauti, na safari hii mimi sikukohoa. Kisha niliomba nafasi ya kusema, na nimemwagiza aiandike hotuba yangu kama nilivyoitoa, asiongeze kitu hata kama ni kwa nia njema. Hii hapa.

"Ndugu Mwenyekiti; Ndugu Katibu, ambaye leo tumekuona tena na tunamshukuru Mungu; wajumbe wa Halmashauri; mabalozi; Mzee Niragira; mama yangu mzazi; akina mama; askari wetu mliorejea; wazazi wa wale ambao hawakurejea, ambao kwa haki ningewataja wa kwanza; na vijana.

"Mlinipa kazi ya kuzichunguza nchi za nje kwa viwango vitatu. Nimeifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima, na baadhi yenu mlipita mkaniona nikiifanya nje ya nyumba yangu saa za baridi. Natoa taarifa.

"Katika kiwango cha chini, mjumbe ni mpita njia. Hatujengi taifa ili mtu aliyeshinda kata mbili kwa maharage akalale karibu na mlango wa watu. Nimekikataa.

"Katika kiwango cha kati, mjumbe ni rafiki, naye huhitaji kibuyu cha rubisi. Nimeuliza. Rubisi huendelea kuchacha njiani, na hakuna mwenye ndege atakayekubali kibuyu kinachofoka. Nimekikataa.

"Kinabaki kiwango cha juu, ambacho ofisi imekichagua na kutupongeza. Hicho kinamtaka mjumbe awe na ndugu. Mimi ndugu nilikuwa naye mmoja. Mlimzika ninyi. Aliniachia mtoto. Nimetafakari kama nahitaji ndugu mwingine, nikaona kwamba yule mmoja ananitosha, na kile alichoniachia bado sijamaliza kukitunza."

Hapo, mwanangu, nilinyamaza kidogo, na Telesfori akaniuliza kama kunyamaza kuandikwe. Nikamwambia aache nafasi.



"Kwa hiyo mimi siendi. Nafasi yangu ishikwe na Mzee Niragira, ambaye si wa ukoo wetu, na ambaye anaijua mila ya kuchanjiana kuliko mtu yeyote hapa."

Mzee Niragira akaruka. "Mimi? Na baridi yote ile uliyokuwa ukitueleza?"

Bibi yako akamwambia, "Hoja ilikuwa yako. Imeze na punje yake."

Kura zikapigwa. Katekista safari hii alinyoosha mkono akiangalia mbele.

Kisha nikahitimisha: "Nautangazia mkutano uamuzi, na huu si wa kujadiliwa bali wa kutekelezwa. Katibu aandike leo hii kwa Mzee Bulugu kwamba wabebe jembe. Wembe utumwe siku nyingine na uende moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Niragira. Kila nyumba kumi zitengeneze mtungi mmoja wa rubisi, uive kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Vijana wafyeke njia kuanzia barabara kuu mpaka kwangu, ipite lori lisilo na milango. Mwenyekiti na wazee wawili wawapokee wageni uani na kuwauliza wanatafuta nini, kama kwamba hatujui. Mimi nitakuwa nimekaa ndani ya nyumba kama anavyokaa mzazi wa binti, na sitatoka mpaka niitwe."

Anza safari mapema, mwanangu. Bibi yako anataka akuone kabla wao hawajafika.

Baba yako,
Privatus